Mwaka Mmoja na Ofisi ya Kutunza Hesabu Mjini Tabora

Kwa miezi kumi na miwili iliyopita hesabu za biashara yangu ya asali zimetunzwa na watu ambao si waajiriwa wangu, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wa hapa Tabora huniuliza kila tunapokutana kama uamuzi huo umenilipa, nimeona niueleze kwa utulivu, pamoja na gharama zake, makosa yake na mambo ambayo sikuyategemea. Ofisi yenyewe sitaitaja jina kwa sababu nitasema na kasoro zake. Itoshe kusema kwamba ni ofisi ya watu watatu, haiko mbali na stesheni ya reli, na ukutani imetundika cheti cha usajili wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambacho nilikisoma mwenyewe kabla sijakaa kitini.

Biashara yangu ni ndogo. Ninanunua asali kwa wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Uyui, ninaichuja na kuifungasha hapa Kiloleni nikiwa na wafanyakazi wanne, kisha ninaiuza Tabora, Mwanza na Dar es Salaam. Chupa na vifuniko huagizwa kutoka Dar es Salaam, lebo huchapishwa hapa mjini, na kila kimoja kati ya vitu hivyo huja na karatasi yake. Kabla ya mwaka huu karatasi hizo zilikuwa zikikaa ndani ya boksi la viatu, na mimi nilikuwa nikizinakili kwenye daftari usiku wa Jumamosi na Jumapili, saa tano hivi kila wiki, baada ya watoto kulala.

Sikuanza na hesabu nilipoamua kutoa kazi nje. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimetoa kazi ya kununua asali, na ni lazima nianze na hilo, kwa sababu bila kosa lile nisingejua namna ya kuipima ofisi hii. Niliona safari za porini zinanichosha na kunitoa dukani, nikapatana na dalali mmoja kijana awe ananinunulia kwa malipo ya kila ndoo anayoileta. Ndoo zilikuja kwa wakati, tena nyingi kuliko nilivyozoea kupata mwenyewe. Baada ya miezi mitatu mteja wangu wa Dar es Salaam alinipigia simu kuwa chupa zimefura, ndani kuna povu, na ukifungua kifuniko unasikia harufu ya pombe. Asali hiyo ilikuwa imevunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, kwa hiyo ilikuwa na maji mengi mno. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20, na yakizidi hapo hamira za asili zilizomo huanza kazi yake na asali huchacha hata kama umeifunga vizuri namna gani. Nilirudisha fedha za katoni zote, na mteja yule sijampata tena hadi leo.

Nilipokwenda Sikonge kuuliza, mzee mmoja ambaye nilikuwa nikinunua kwake tangu nilipoanza biashara alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mama, siku hizi huji wewe. Kijana wako haonji, anahesabu ndoo tu." Maneno hayo yalinikaa, kwa kuwa yalikuwa kweli kabisa na kosa halikuwa la kijana peke yake. Nilikuwa nimempangia malipo ya kila ndoo, naye akaniletea ndoo. Kuonja, kutazama kama masega yamezibwa, kuuliza asali imevunwa lini na kwenye mzinga wa aina gani, hayo yote hayakuwa kwenye mapatano yetu, wala sikuwa nimefikiri kwamba yanaweza kuandikwa, kwani mimi nilikuwa nayafanya bila kujijua.

Niliamua basi kununua asali mwenyewe tena, lakini siku za safari zilihitaji kutoka mahali fulani, na mahali pekee palipokuwa na saa za ziada ni zile hesabu za usiku. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mtu wa kunitunzia vitabu.

Nilikuwa na njia mbili: kuajiri karani au kukodi ofisi. Karani mwenye uzoefu niliyezungumza naye alitaka shilingi 280,000 kwa mwezi. Mwenye biashara mwenzangu anayefikiria jambo hili asiishie kwenye mshahara, kwa maana mwajiri hutakiwa kuchangia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara, ambayo ni shilingi 28,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5, ambayo ni shilingi 1,400. Jumla inakuwa shilingi 309,400 kwa mwezi, yaani 3,712,800 kwa mwaka, na bado hujahesabu meza, kompyuta, na likizo ya siku 28 yenye malipo ambayo sheria ya kazi inampa kila mwaka. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haikunigusa kwa kuwa huanzia kwa mwajiri wa watu kumi. Ofisi kwa upande wake ilitaka shilingi 150,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 1,800,000. Kwa hesabu tupu ofisi ilikuwa nusu ya karani, lakini karani angekuwepo siku nzima, angepokea simu na kupokea mizigo, na mtu mwenye duka linalohitaji mikono zaidi asidanganywe na tofauti hii ya bei. Mimi sikuhitaji mikono, nilihitaji kitabu kilichofungwa kila mwezi.

Huduma yenyewe iko hivi. Kila Ijumaa kijana wa ofisi huja kuchukua risiti za wiki, akazipiga picha hapo hapo mbele yangu, na kuzirudisha kwenye faili kwa mpangilio wa tarehe. Nilidhani kupiga picha ni mbwembwe hadi aliponionyesha risiti zangu za EFD, zile mashine za kielektroniki za kutolea risiti, za mwaka uliopita, ambazo nyingi zilikuwa zimebaki karatasi nyeupe. Karatasi ya mashine hizo huandikwa kwa joto na si kwa wino, kwa hiyo ikikaa kwenye joto au kwenye mwanga hufifia, na Tabora yetu mwezi wa kumi haina huruma kwa karatasi ya namna hiyo ndani ya boksi chini ya bati. Wakati huohuo sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kwa jambo hili moja naikubali ofisi bila kusita, kwa maana ningeweza kusimama mbele ya afisa wa kodi na rundo la karatasi tupu mkononi, nikiapa kwamba zilikuwa na maandishi.

Mwisho wa mwezi huniletea ukurasa mmoja wenye mauzo, manunuzi, madeni ninayodai na ninayodaiwa, pamoja na karatasi ya mishahara. Miezi mitatu ya kwanza ukurasa huo ulikuja kwa Kiingereza, na nilipolalamika niliambiwa kuwa ndivyo programu yao ilivyo. Nilisisitiza, kwa kuwa fundi wangu wa kuchuja ana haki ya kusoma karatasi ya mshahara wake na kuielewa bila mkalimani, na mwezi wa nne ikaja kwa Kiswahili.

Na karatasi hiyo ya mishahara ndiyo iliyofichua kosa langu la muda mrefu. Fundi huyo hulipwa shilingi 300,000, na kwa kuwa nilijua kuwa kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, huanza kwa mtu anayezidi shilingi 270,000 kwa mwezi, nilikuwa nikimkata asilimia 8 ya zile 30,000 zilizozidi, yaani shilingi 2,400. Mhasibu alinieleza kwa upole kwamba mchango wa mfanyakazi wa NSSF hutolewa kwanza, ndipo kodi ipigwe kwenye kinachobaki. Asilimia 10 ya 300,000 ni 30,000, kinachobaki ni 270,000 kamili, na juu ya hapo hakuna kodi. Nilikuwa nimemkata kijana wa watu shilingi 2,400 kila mwezi bila sababu. Fedha ya miezi yote ile nilimrudishia kutoka mfukoni mwangu siku hiyohiyo, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, na suala la kilichokwishalipwa serikalini nikawaachia ofisi walifuatilie. Kiasi ni kidogo kwa mwezi, lakini kwa anayelipa kodi ya chumba ni jambo, na mimi nisingeligundua hata kwa miaka kumi ya usiku wa Jumamosi.

Sasa niseme kosa lao, ambalo lilinifundisha zaidi kuliko mazuri yao.

Mwezi wa saba, katikati ya msimu, mhasibu alinipigia simu akaniomba nifike ofisini, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Aliweka mbele yangu kitabu cha mali na kunionyesha kwamba nimenunua asali kilo 600, lakini nimefungasha na kuuza kilo 790. Kilo 190 hazikuwa na chanzo. Hakunishutumu, lakini aliniuliza kama kuna manunuzi niliyofanya bila karatasi, na kama yapo ni bora niyaseme sasa kuliko siku atakapokuja mtu mwingine kuyauliza. Nilikaa pale nikitetemeka, kwa kuwa nilijua sikuficha kitu, na nilijua pia kwamba mbele ya kitabu kile maneno yangu hayana uzito.

Tulirudi kwenye risiti moja moja. Wafugaji wetu huuza kwa ndoo ya lita 20, na karatasi za manunuzi kwa jumla zilikuwa za "ndoo 30, lita 20". Mimi nauza kwa gramu na kilo, kama lebo inavyosema. Kijana wa ofisi alichukua lita 20 akaziandika kilo 20, kama mtu angefanya kwa maji, ambayo lita yake moja ni kilo moja. Asali si maji. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kama kilo 28, na ndoo 30 ni kilo 840, si 600. Ukitoa 790 zilizofungashwa, kilo 50 zinazobaki zilikuwepo: 43 ndani ya tangi langu la kutulizia, na nyingine zilitoka pamoja na povu na nta wakati wa kuchuja.

Nilikasirika, nami nadhani nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini njiani nikirudi Kiloleni niliona kwamba nusu ya kosa ni yangu. Kila mnunuzi wa asali hapa Tabora anajua uzito wa ndoo kwa mgongo wake, kwa sababu ameibeba, na jambo tunalolijua kwa mgongo hatufikirii kuliandika. Nilimkabidhi mtu karatasi zangu bila kumkabidhi kile kinachozifanya karatasi zisomeke. Ni kosa lilelile nililofanya kwa dalali.

Kulikuwa na tofauti, hata hivyo, na tofauti hii ndiyo ninayopimia sasa kazi yoyote kabla sijaitoa nje. Kosa la mhasibu lilionekana kwenye karatasi, hapahapa mjini, ndani ya msimu uleule, likarekebishwa kwa mchana mmoja wa kukaa na kikokotoo, na hakuna aliyeumia. Kosa la dalali lilionekana kwenye rafu ya mteja umbali wa siku nzima ya safari, miezi mitatu baadaye, wakati ambapo asali yote ya msimu ilikuwa imekwishachanganywa ndani ya tangi moja na hakuna wa kusema ipi ilitoka wapi. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama ampe mtu wa nje kazi fulani, swali langu la kwanza ni hili: ikiharibika, nani ataona kwanza, wewe au mteja wako? Kama ni wewe, na utaona mapema, itoe. Lebo kwa mfano nimezitoa zamani wala sina hofu, kwa sababu lebo mbaya naiona kabla haijabandikwa. Kuna binti anayenipigia picha za bidhaa na kuziweka mtandaoni, naye pia namwacha aendelee, isipokuwa bei hazibadilishi bila kuniuliza.

Kuna jambo jingine ambalo napenda kulisema kwa mkazo, kwa sababu limewaumiza wengi. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mtu mmoja aliyejiita mshauri wa kodi fedha taslimu anilipie awamu yangu, akaniletea karatasi iliyoonekana safi, na baadaye nikagundua kuwa hakukuwa na malipo yoyote. Niliilipa tena kodi hiyo pamoja na riba. Tangu hapo sharti langu halina mjadala: ofisi inaandaa ritani, yaani taarifa ya kodi, na kutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, mimi ninalipa mwenyewe kwa simu au benki, na ujumbe wa uthibitisho unakuja kwenye namba yangu. Nenosiri la akaunti yangu ya kodi nalishika mimi, na wakihitaji kuingia tunaingia pamoja. Ofisi hii ilikubali sharti hilo bila kununa, jambo lililonipa imani. Ofisi nyingine niliyoitembelea kabla yao ilinitaka niache kila kitu mikononi mwao, nami nikaondoka.

Kasoro zao nyingine ni hizi. Awamu za kodi za mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba hulipwa kabla ya mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kila miezi hiyo ikifika ofisi hulemewa, simu hazipokelewi, na kazi yangu ya Juni ililetwa siku mbili tu kabla ya mwisho. Mhasibu mwenye sifa ni mmoja. Akisafiri, wale vijana wawili wanaweza kuandika lakini hawawezi kuamua, na niliwahi kusubiri siku tisa kwa swali la dakika tano. Nililazimika pia kuuliza kuhusu usiri, kwa kuwa niligundua kwamba wanamhudumia mfungashaji mwingine wa asali, na katika faili langu kuna majina na namba za simu za wafugaji wote ninaonunua kwao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana watunzaji wa taarifa za watu, na tumeongeza kipengele kuhusu jambo hilo kwenye mkataba. Kwangu mimi lakini hilo ni zaidi ya sheria, kwa sababu kuaminiana na wazee wale wa porini ndiyo mali kubwa kuliko mashine zangu zote.

Nani asiitumie huduma ya namna hii? Mama lishe, fundi cherehani, au kijana mwenye kibanda chenye risiti kumi kwa wiki hana sababu ya kutoa shilingi 150,000 kila mwezi. Daftari lililopigwa mistari vizuri na kujazwa kila jioni litamtosha, tena katika madaraja ya chini ya kodi ya mauzo, mfanyabiashara mwenye kumbukumbu kamili hutozwa kidogo kuliko asiye nazo, hivyo daftari hilo linajilipa lenyewe. Na mwenye biashara ambayo hajawahi kuiandikia hesabu hata mwezi mmoja kwa mkono wake nisingemshauri aanze na ofisi, kwa sababu hatajua kusoma atakacholetewa. Mimi ningepita juu ya zile kilo 190 nikiwa sijui hata kwamba ni swali, kama nisingekuwa na ile miaka ya usiku wa Jumamosi.

Kuhusu zile saa tano za kila wiki, zimerudi. Msimu huu nimekwenda porini mara sita. Nimenunua kipimo cha maji ya asali, ambacho ni kifaa kidogo cha mkononi kinachohitaji tone moja tu, na kila ndoo huipima mbele ya mwenye nayo, tukasoma wote wawili. Mzee wangu wa Sikonge alitaka kukishika, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akaniambia kwamba kinasema alichokwisha kuniambia. Ndoo mbili zake nilizikataa kwa sababu zilisoma asilimia 22, naye akazichukua bila neno, akaniletea nyingine wiki mbili baadaye.

Mkataba wa mwaka wa pili tumeusaini kwa bei ileile. Nimeomba mabadiliko matatu, yakakubaliwa: kazi za mwezi wa awamu ziletwe siku kumi kabla ya mwisho, awepo mtu mwenye kibali cha kuamua mhasibu anapokuwa safarini, na ukurasa wa kwanza kabisa wa faili langu uandikwe kwa kalamu nyekundu kwamba ndoo moja ya lita 20 ni kilo 28 hadi mizani itakaposema vingine.